Kivuli kwenye Yadi ya Milango

Nauza milango iliyotumika. Nyumba ikibomolewa, wenyewe wakishamaliza kusikitika, mimi hufika na bisibisi na mkokoteni. Nang'oa milango, madirisha, fremu na bawaba zake, napeleka yadini. Nasugua msasa, napaka mafuta, nauza. Nilianza na mlango mmoja wa choo. Sasa nina safu sita chini ya mabati, na hakuna mtu aliyenishika mkono.

Lakini habari hii ni ya binti wa kaka yangu. Alikuja kuishi nami akiwa na miaka kumi na saba, na siku ya kwanza tu majirani wa yadi walimuuliza anataka kuwa nani. Akasema mwongozaji wa filamu, bila hata kutabasamu. Jina likamganda. Fundi vitasa, ambaye meza yake inapakana na lango langu, hakumwacha apumue.

"Mwongozaji, hebu niongoze. Chai iko wapi?"

"Iko jikoni. Kuongoza miguu yako ni kazi yako."

Alikuwa na daftari. Wenzake wakitazama filamu, kesho yake wanasimulia nani kamuua nani. Yeye alikuwa anaandika mtu alisimama wapi, na mlango ulifunguka kuelekea ndani au nje. Siku moja tunasugua msasa pamoja, akaniuliza: "Shangazi, mtu akigonga mlango, utamwonyesha nani kwanza? Yule wa nje anayengoja, au wa ndani anayesikia?"

"Nitamwonyesha mwenye pesa."

Akacheka, akaliandika nalo.

Alipomaliza shule alipata barua mbili katika wiki moja. Ya kwanza ilitoka chuo kikuu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Huko angesoma filamu kwa nadharia: historia yake, uchambuzi, namna watu wanavyotazama na kwa nini. Kamera wangeishika mwaka wa mwisho, tena kwa zamu. Ya pili ilitoka chuo kilicho dakika ishirini kwa miguu kutoka yadini. Huko ni vitendo: kamera wiki ya kwanza, kisha taa, sauti, kukata na kuunga picha. Kote kuwili ni shahada. Alizitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi yangu, na kila jioni alizisoma tena kama zingebadilika.

"Unaonaje, shangazi?"

"Chagua mwenyewe, mwanangu. Maisha ni yako."

Nilisema hivyo nikiwa nimeshachagua. Ndivyo ninavyouza. Mteja akihisi unamsukuma, anarudi nyuma.

Wiki moja ikapita, na niliona anaegemea chuo kikuu. Nikajaribu utani. "Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe unataka uende miaka mitatu ukaambiwe tazama?"

Hakukasirika. "Shangazi, tukiingia kwenye nyumba mimi na wewe, mimi naona mlango. Wewe unaona bawaba ya chini imelegea na fremu imeliwa na mchwa. Macho tunayo sote. Nani alikufundisha kuona?"

"Njaa."

"Basi mimi nataka nifundishwe na mwingine."

Na mimi mtu akiniziba njia ya mbele, hupita ubavuni.

Katika biashara yangu kuna mtu tunayemwita kivuli. Mteja ameupenda mlango, ameushika mara tatu, lakini anasema atafikiri kwanza. Hapo mimi hujikuna sikio. Kivuli anaingia langoni kama mnunuzi mwingine, anakwenda kwenye mlango ule ule, anauliza bei, anatikisa kichwa kuwa sawa, anasema, "Nifungie, nakwenda kuleta gari." Anaondoka. Mteja wa kwanza hafikiri tena. Kivuli hasemi na mteja hata neno moja. Hiyo ni sheria, kwa sababu akisema naye anakuwa mwongo, na akikaa kimya mteja anajidanganya mwenyewe. Ndivyo nilivyokuwa nikijieleza.

Kivuli wangu anaitwa Miwani. Ni mzee mtanashati, aliyekuwa mkata tiketi kwenye jumba la sinema mpaka lilipofungwa likawa ghala la saruji. Miwani yake ni vioo vitupu. Macho yake ni mazima kuliko yangu. Huivaa kazini tu. Siku zote alikuja saa za shule, kwa hiyo binti hakuwa amemwona hata mara moja.

Nilimwomba aje Jumamosi. Nikamweleza la kusema.

"Huyu ni mtoto wako," alisema.

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

"Kivuli hasemi na mteja, mama."

"Leo atasema."

Akaja na shati lililopigwa pasi, akaulizia mlango mzito usiopitisha sauti. Wa studio, alisema, maana yeye ni mwongozaji wa filamu na gari zinamharibia kazi. Binti akaacha msasa. Miwani hakumkimbilia. Alipima mlango kwa mikono, akaugonga, akasikiliza. Binti ndiye aliyemfuata.

"Samahani, mzee. Mtu akitaka kuongoza, asome nadharia au vitendo?"

"Wewe umepata wapi?"

"Kote kuwili."

"Hao wa nadharia nimewaona wengi. Wanakuja kwangu na vyeti, nawaambia shika ile taa, wanauliza inashikwa wapi."

"Wote?"

"Labda yupo asiye hivyo. Mimi sijakutana naye."

Akasema analeta gari, akaondoka. Hakurudi, bila shaka. Binti aliniuliza mara mbili kama yule mwongozaji ameufuata mlango wake.

"Watu wa filamu hao, mwanangu. Maneno mengi."

Jumatatu akaitungua barua ya vitendo. Ila alikuwa mwangalifu, aliwaandikia chuo kikuu wamshikie nafasi mwaka mmoja, wakakubali. Miwani nilimwambia nimefanya kwa faida ya msichana, apate kazi ya mkono. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kile chuo kingine kilikuwa siku nzima kwa basi, na kwamba nilikuwa nimezoea kusikia msasa mwingine ukisugua pembeni ya wangu. Hili la pili sikumwambia Miwani.

Mwaka ule alifurahi. Alirudi na malengelenge ya kuburura nyaya, akala haraka, akalala kwenye kiti. Na kila alipofanikiwa jambo alisema, "Yule mzee alisema kweli, shangazi." Sura yangu haikubadilika, maana mimi sura yangu ni mtaji. Lakini nilikuwa kama mtu aliyemeza msumari, kila nikicheka unachoma. Nilitaka siku moja aseme chuo kibovu, tugombane yaishe. Hakusema.

Mwishoni mwa mwaka walipewa mtihani: mtu kazini kwake, dakika kumi. Akanichagua mimi.

Siku ya kwanza aliniambia, "Shangazi, unakaa kama unapigwa picha ya pasipoti." Basi akaiweka kamera juu ya kabati, katikati ya milango iliyoegemezwa, akaibandikia karatasi nyeusi kwenye kitaa chake chekundu, akawa anaiwasha asubuhi na kwenda darasani. Siku ya pili bado nilikuwa nikivuta kitenge kila nikipita. Siku ya tatu niliisahau.

Siku hiyo wakaja mume na mke, mume mshonaji, mke nesi. Mke aliupenda mlango wa bluu wenye kioo kidogo juu. Aliweka kiganja kwenye kioo. Mume akasema warudi wakafikiri. Nikajikuna sikio. Miwani alikuwa kwa fundi vitasa na kikombe chake. Alijua binti yuko darasani. Akavaa miwani, akaingia. Baada ya robo saa mlango wa bluu ulikuwa kwenye mkokoteni, na mimi nikiandika nyumba yao ilipo.

Alhamisi mchana binti akaweka kompyuta yake juu ya mlango uliolazwa kwenye vigogo viwili. Akavuta kiti.

"Kaa, shangazi."

Nikajiona nikisugua, nikijadiliana, nikipiga chafya. Nikacheka. Kisha nikaona kiganja cha yule nesi kwenye kioo, na mkono wangu ukipanda sikioni. Nikaacha kucheka. Miwani akaingia. Akauliza bei, akaondoka. Wale wawili wakalipa, wakatoka. Picha haikukatwa. Miwani akarudi pale pale, na bila kuvua miwani akapenyeza kidole kwenye fremu kujikuna jicho, kidole kikapita upande wa pili. Haikuwa hata na vioo siku hiyo. Vilikuwa vimedondoka.

Binti akasimamisha picha hapo.

"Huyu ndiye mwongozaji aliyetaka mlango wa studio?"

"Ndiye."

"Anafanya kazi gani?"

"Hiyo unayoiona."

Kwa fundi vitasa tupa ilikuwa inakereza ufunguo, ikaacha, ikaanza tena.

"Jibu la chuo kikuu linatakiwa Jumatatu," alisema.

Hapo nikaharibu zaidi. Nilitaka kurekebisha, na mimi najua njia moja tu ya kurekebisha. Nikamwambia aende. Nikasema nadharia ndiyo msingi, kwamba nimefikiri sana, kwamba mtu mwenye kichwa kama chake asipotee kwenye nyaya, kwamba basi lina viti vizuri siku hizi.

"Shangazi," akanikatisha, taratibu kabisa. "Sasa unaniuzia mlango wa pili."

Baadaye kidogo nikamwambia anisamehe.

"Nimesikia," alisema. Hakusema zaidi ya hapo, wala mpaka leo hajasema.

Nilinyamaza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Wanaonijua walidhani ninaumwa jino. Asubuhi ya Jumatatu alikunywa chai amesimama, mkoba begani.

"Nimewaandikia. Nabaki hapa."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, chote, na sikukitaka tena.

"Ni kwa sababu unakipenda?" nikauliza.

"Nakipenda. Ila kila nikifurahi najiuliza kama furaha hii ni yangu au niliuziwa. Mwaka jana ningechagua kipi, sijui. Wewe pia hujui. Pale hatuwezi kurudi tukarekodi upya."

Akatoa karatasi tatu kwenye mkoba. Zilikuwa fomu za ridhaa. Chuo hakionyeshi picha ya mtu asiyekubali kwa saini, na filamu ingeonyeshwa ukumbini, wazi kwa watu wote. Moja ilishasainiwa na Miwani.

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama shati lilionekana vizuri."

Nikashika kalamu. Kisha ikanitoka tu, kama kikohozi: "Kile kipande cha mlango wa bluu ukikikata, filamu si itabaki nzuri?"

"Itabaki nzuri. Itakuwa ya mtu mwingine."

Nilifikiria wateja, na fundi vitasa atakavyosema, na mshindani wangu wa barabara ya chini atakavyokwenda kukaa kiti cha mbele. Nikaweka saini. Katika maisha yangu sikumbuki kitu kingine nilichokubali kwa bei ya kwanza.

Ikabaki karatasi ya tatu.

"Hii ni ya yule mshonaji na mkewe," alisema. "Nao wanaonekana."

"Utawapelekea lini?"

"Mimi siwajui. Wewe ndiye uliyewauzia."

"Nikawaambie nini?"

"Kwamba hakukuwa na mnunuzi mwingine. Kisha wasaini au wakatae. Wakikataa nitakitoa."

Angeweza kusema ni adhabu, ningeelewa. Lakini alisema kama mtu anayepanga kazi ya siku, nani abebe taa na nani abebe nyaya. Akaenda darasani.

Jioni nikaenda. Nilikuwa na fomu, kalamu, na chupa ndogo ya mafuta ya bawaba, kwa sababu siwezi kwenda mahali mikono mitupu. Njiani nilitunga maneno ya kuanzia, nikayatupa, nikatunga mengine. Yote yalikuwa maneno ya kuuza.

Mlango wa bluu ulikuwa umefungwa vizuri. Walikuwa wameusugua upya, wakaupaka rangi ile ile, na kwenye kioo yule nesi ametundika kipazia cheupe kilichoshonwa kwa mkono wa mumewe. Ni wazi walikuwa wanaupenda. Kama wangekuwa wanauchukia ingekuwa rahisi zaidi.

Bawaba ya chini ilihitaji mafuta. Nikaiona. Nikaiacha, nikairudisha chupa mkobani.

Nikagonga. Ndani mtu akazima redio, na hatua zikaanza kuja. Nikakumbuka lile swali la binti, tulipokuwa tunasugua msasa, kuhusu nani aonyeshwe kwanza, wa nje anayengoja au wa ndani anayesikia. Kipazia kikasogezwa, jicho likanitazama, na kitasa kikaanza kuzunguka.