Milia Iliyorudi na Mvua

Wifi yangu ni mchora barabara. Watu wakisikia hivyo hudhani anachora ramani ofisini, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Thubutu! Wifi yangu anachora barabara yenyewe, ile ya lami, ameinama, na kila jioni mgongo wake unamkumbusha. Mistari ya katikati, mishale, milia ya vivuko, picha za baiskeli: yote hiyo ni kazi ya mikono yake na ya wenzake wa kikosi. Hunyoosha kamba iliyopakwa chaki, huivuta juu na kuiachia ipige lami, na alama ikishatokea ndipo rangi inamwagwa. Kwa hiyo kikosi kizima kinamwita Kamba. Mimi namwita wifi, na nikiwa nimekasirika simwiti kabisa.

Tunaishi nyumba moja, mimi, yeye, na mama yangu mzazi, ambaye kwake ni mama mkwe. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, baraza imeangalia barabara, na hakuna kinachopita pale nisichokijua. Wanaosema mimi mmbea na waseme. Macho hayana pazia.

Kaka yangu, mume wa wifi, alifia pale pale mbele ya nyumba, juu ya kivuko alichokichora mkewe. Alikuwa anaikokota baiskeli yake kwenda kazini, mguu mmoja wa suruali ameufunga kwa kipande cha mpira wa tairi ya ndani ili mnyororo usiushike. Tulimcheka sana kwa mpira ule. Gari la upande huu lilisimama kumpisha. La upande wa pili halikusimama. Barabara ilikuwa pana mno wakati ule, magari yanakimbizana kama yamemwagiwa upupu, na rangi peke yake chini haijawahi kumsimamisha mtu mwenye haraka.

Wifi hakulia. Alizika, akakaa eda yake, akarudi kazini. Mimi niliyelia mpaka sauti ikakauka nilimwona ana moyo wa jiwe, na iliniudhi kumwona anakunywa chai.

Baadaye baraza la jiji likaamua barabara ile itengenezwe upya. Ilikuwa imeshakula watu wengi, kaka yangu alikuwa mmoja tu. Njia za magari zikapunguzwa na kubanwa ili madereva wasipate pa kukimbilia. Kando ikawekwa njia ya baiskeli, imetengwa kwa ukingo wa zege. Kivuko kipya, kilichoinuliwa kama tuta pana, kikajengwa karibu na kituo cha basi, mbali kidogo na kwetu. Mhandisi wa mradi, binti mpole mwenye kofia ngumu inayomzidi kichwa, alikuja barazani kwangu akanieleza yote hayo kwa subira, hata maswali yangu ya kijinga. Kivuko cha zamani, akasema, kitaondolewa, maana kiko mahali ambapo madereva hawategemei mtu.

Sasa, kuondoa milia kuna njia mbili. Ipo mashine ya kukwangua, inayopiga kelele na kutimua vumbi, lakini ikipita imepita. Na ipo rangi nyeusi, unafunika tu. Wifi akachagua rangi nyeusi. Wenzake walimtazama, kisha wakatazama viatu vyao. Nani angebishana na mjane juu ya mahali pale? Alipiga magoti akaufunika mlia mmoja baada ya mwingine, taratibu, na alipomaliza lami ilikuwa nyeusi tii kutoka ukingo hadi ukingo. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha.

Mvua ya kwanza iliponyesha, ilianza alfajiri na kukatika watu wakijiandaa kwenda makazini. Nilitoka barazani kufunua cherehani. Jua lilikuwa chini kule mwisho wa barabara, linamulika lami iliyolowa. Nikaona milia.

Haikuwa myeupe kama zamani. Iling'aa, kama sufuria iliyopakwa mafuta, yote, imejipanga kama alivyoichora wifi. Nilisogea upande wa pili wa baraza: hakuna kitu, lami tupu. Nikarudi kwenye kiti changu: ile pale. Na si hiyo tu. Kwenye ukingo wa barabara walikuwa wamesimama watu, mwanamume mwenye begi na wanafunzi watatu wanne, wanasubiri kuvuka pale pale ambapo hapakuwa tena na kivuko. Siku za ukavu watu hao hao walikuwa wanakwenda kuvukia kituoni. Asubuhi ile hakuna aliyezungumza na mwenzake. Walisimama tu, kama walioitwa.

Nyuma yao alikuwa mama yangu, amenawa uso, amevaa viatu vya kutokea.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Namsubiri kaka yako. Amesema atanivusha."

Kumbukumbu ya mama ilikuwa imeanza kuvuja, tulikuwa tunajua. Jana angekuuliza mumeo hajambo, leo akakuuliza wewe ni nani. Lakini sauti ile haikuwa ya mtu aliyepotea. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepewa miadi. Nilimshika mkono nikamrudisha ndani, na mkono wake ulikuwa wa moto kama ametoka kushikwa na mtu mwingine.

Jioni nikamweleza wifi. Aliendelea kuvua buti zake.

"Ni mwanga tu, wifi. Rangi nyeusi ni laini kuliko lami. Ikilowa, jua likija kwa upande, inang'aa. Ukisimama upande mwingine huoni kitu."

"Kumbe ulijua?"

"Kila mtu kazini anajua."

"Sasa kwa nini hukukwangua?"

Akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia mgongoni. Ila kesho yake alimwambia mhandisi, na mhandisi akaahidi kuleta mashine ya kukwangua ikitoka mtaa mwingine. Tukaanza kuomba jua, sisi peke yetu katika jiji zima. Kila wingu likipita wifi alikuwa anamtazama mama, na mama alikuwa anatazama viatu vyake vya kutokea.

Mvua haikusubiri mashine. Ilinyesha tena alfajiri, ikakatika vile vile, jua likachomoza vile vile. Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Wifi alikuwa mlangoni anavaa buti. Nilipoinua macho, kiti cha mama kilikuwa kitupu, na mama alikuwa ameshakanyaga mlia wa kwanza.

Madereva wa upande wetu walikuwa wanaelekea jua. Wao waliiona milia iking'aa, wakasimama, kistaarabu kabisa. Waliotoka upande wa pili jua lilikuwa mgongoni mwao, na mbele yao palikuwa na lami tupu. Niliona hayo yote kwa pamoja, nikaelewa kwamba hivi ndivyo alivyokufa kaka yangu: huku wamesimama, huku hawakusimama. Lori la maji lilikuwa linakuja, na mama alikuwa anatembea pole pole, amenyoosha mkono mmoja pembeni kama ameshikilia kitu. Wifi alinipita na buti moja mguuni.

Lori lilifunga breki likayumba na kulia, likasimama. Mama angeweza kuligusa. Hakuligusa wala hakuligeukia. Aliendelea mpaka ng'ambo, akapanda ukingo, akageuka pembeni na kusema neno na mtu, anatabasamu.

Pale pembeni hapakuwa na mtu.

Dereva alishuka. "Huyu bibi sikumwona kabisa, haki ya Mungu. Nilimwona yule jamaa."

"Jamaa gani?" wifi akauliza.

"Si yule mwenye baiskeli! Alikuwa anaikokota, yuko upande wangu, kamtangulia bibi. Kanyoosha mkono hivi, kama trafiki. Kaenda wapi?"

Tuliangalia njia ya baiskeli, huku na huku. Ilikuwa imelowa na haina mtu, inaonekana mpaka mwisho. Dereva akajifuta uso.

"Kafunga suruali kwa mpira, mguu mmoja. Nikasema bado wapo watu wanafunga suruali hivyo?"

Wifi alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye lami, katikati ya barabara, juu ya milia yake, maji yanamwingia kwenye nguo, akalia. Alilia kilio chote alichokuwa amekiweka, na magari ya pande zote mbili yakasubiri, na hakuna hata moja lililopiga honi. Nilikwenda nikakaa naye. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Nilishindwa, wifi. Niliwasha ile mashine ofisini, nikaona nikiikwangua ile milia namkwangua yeye. Nikasema nimfunike tu, kama mtu aliyelala."

Mimi niliyemwita jiwe nikamfuta pua kwa kanga yangu.

Mhandisi alifika siku hiyo hiyo. Alisimama ukingoni kwa muda, anatazama watu wanavyokuja kuvukia pale pale. Akasema pale patawekwa kivuko cha pili, nacho kiinuliwe, na katikati kiwe na kisiwa cha kupumzikia ili mtu avuke upande mmoja kwanza, kisha wa pili, na dereva alazimike kupunguza mwendo aone asione. Lakini kwanza lami ya juu ikwanguliwe yote.

Mama alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake. "Mkiikwangua," akasema, "mwanangu atapita wapi?"

Mhandisi alinitazama mimi, mimi nikamtazama wifi. Wifi alipiga magoti mbele ya mama kama anayemrekebishia viatu.

"Alishavuka, Mama. Tumemchelewesha tu."

"Nani kamchelewesha?"

"Mimi, Mama."

Mama alimpapasa kichwa.

Mashine ilipokuja, wifi hakumwachia mtu. Alivaa barakoa na vizuia kelele, akaisukuma mwenyewe, vumbi likamfunika mpaka akafanana na gunia la saruji. Kwenye mlia wa mwisho aliizima, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya lami. Wenzake wakageuza nyuso. Kisha akaiwasha tena. Kazi ya zege na matofali ikafuata, ikamalizika, na siku ya kuchora wifi akanyoosha kamba yake, akaivuta, akaiachia. Milia mipya ilitoka myeupe pe, na juu yake wakanyunyiza unga wa kioo kama mtu anayetia chumvi, ili ing'ae mbele ya taa kutoka kila upande.

Tulisubiri mvua, sasa kwa hofu ya namna nyingine. Ilikuja, ikakatika asubuhi, jua likawa pale pale chini mwisho wa barabara. Nilihama upande mmoja wa baraza hadi mwingine. Popote niliposimama niliona kitu kile kile, kivuko. Wifi alitoka na buti zake zote mbili. Mama akatoka na viatu vyake.

"Nikuvushe?" nikamuuliza.

"Nina mtu wa kunivusha," akasema, akautoa mkono wangu begani kwake.

Tulisimama ukingoni tukamwacha, moyo wangu unagonga kama cherehani. Magari ya upande huu yalisimama. Mama akafika kisiwani, akapumzika. Magari ya upande wa pili yakasimama nayo. Akavuka mpaka mwisho, akapanda ukingo, akageuka pembeni. Akatazama njia ya baiskeli, huku, kisha huku. Kisha akatuita kutoka ng'ambo, kwa sauti ya mtoto aliyenyimwa kitu.

"Mbona leo nimevuka peke yangu?"

Wifi akakusanya viganja mdomoni, akamwitikia.

"Kwa sababu magari yamesimama, Mama!"

Mama alifikiri. Kisha akainua mkono na kupunga, si kwetu, bali kule mwisho wa barabara jua linakotokea. Wifi naye akainua mkono wake, akapunga kule kule. Mimi sikuona mtu. Nikapunga.