Jina Moja Kwenye Ubao wa Strmec

Mimi na Cveto tulianza kupanda mlima wetu, Strmec, mwaka tulioajiriwa kwenye kiwanda cha mbao. Kila Jumapili, iwe mvua iwe theluji, mwendo wa saa mbili hadi juu. Kileleni kuna kibanda cha chama cha wapandaji, na mezani kuna daftari. Unaandika tarehe, jina lako, umepanda mara ya ngapi, na uko na nani. Shule niliishia darasa la nane na sipendi kuandika mbele za watu, lakini daftari lile nililipenda. Kwa miaka kumi na tisa nafasi ya mwisho niliijaza jina lilelile: Cveto. Yeye aliandika Ludvik.

Wa kwanza kufikisha mara elfu huchongwa jina kwenye ubao juu ya mlango. Tulikuwa sawasawa, kwa hiyo tulipeana mikono kwamba ya elfu tutapanda pamoja, majina yawe mawili.

Ikiwa imebaki mara moja tu, gogo likaniangukia gotini. Nilikaa ndani wiki saba. Kila jioni Cveto aliniletea supu ya shayiri kutoka kwa mkewe. Nilimwambia aende tu, nisimcheleweshe. Akasema bila mimi hakanyagi huko. Mke wangu alisema rafiki wa namna hiyo siku hizi hapatikani.

Jumapili iliyopita tuliondoka mapema. Mkobani nilikuwa na mkate mtamu wa kokwa za jozi, ambao mke wangu aliuoka kwa ajili ya siku hiyo. Kwenye chemchemi Cveto akataka tupumzike. Kwenye misonobari akasema goti langu linavimba. Nikapandisha suruali nikamwonyesha kwamba halijavimba. Penye msalaba, dakika kumi kabla ya kilele, akakaa kabisa.

"Turudi, Ludvik. Mlima hauhami."

"Sema umezeeka," nikamwambia. "Nikubebe?"

Hakucheka. Nilidhani ananihurumia, nikazidi kumpenda.

Ubao ulikuwa mpya, unanuka rangi. Jina lilikuwa moja. Nilisoma mara mbili, maana mimi si msomaji mwepesi. Cveto Hribernik. Tarehe ilikuwa ya wiki ya tatu tangu niumie, siku ya Jumatano.

Mama Ivanka, mtunza kibanda, alitoka akifuta mikono, akashangaa kuniona. Alisema Cveto alimwambia goti langu halitapona, na kwamba mlima nimeshauaga.

Niliikumbuka Jumatano ile. Viatu vya Cveto vilijaa matope, na mke wangu akaviosha.

"Siku hiyo uliniletea supu," nikasema.

"Nilikuletea." Alitazama chini. "Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kutoka huku. Ningekwambia, bwana, lakini ulikuwa unaingoja hii siku kama mtoto."

Nilitoa mkate, nikampa Mama Ivanka wote, awagawie watakaokuja. Kisha nikafungua daftari. Niliandika tarehe, jina langu, na elfu moja. Kwenye nafasi ya mwisho nikaandika: peke yangu.

Cveto alisoma akiwa nyuma ya bega langu.

"Ludvik, si nipo hapa?"

Nikafunika kalamu, nikairudisha mahali pake.