Kigelegele cha Kwanza

Miaka kumi na tisa Zaituni alijiambia hivi: siku binti yangu Shifa akiolewa, nitafurahi. Alianza siku ile aliyotoka Wanyange, Jinja, mtoto mgongoni, baada ya mumewe Sebit kuingiza mke mwingine nyumbani. Akaendelea huko Namatala, Mbale, akipepeta mchele mashineni na pumba zikimjaa kopeni. Watu walimpa pole, akaitikia. Walimpa hongera, akaitikia vilevile. Alipoungua mkono kwa mafuta ya moto hakusema hata uwi. Jamani, mtu anaweza kuishi hivyo, bila kuhisi kitu, na bado akapika, akafua, akasomesha!

Siku ikafika. Wanaume uani chini ya turubai, wanawake ndani nyuma ya pazia, Shifa katikati yao, hina mpaka viwikoni. Zaituni akajipekua moyoni: furaha iko wapi? Hakukuta kitu.

Sebit naye alikuja. Ilibidi, maana binti haozwi bila walii wa kumwoza, na babake yu hai. Zaituni mwenyewe ndiye aliyekwenda Wanyange kumwomba. Sasa amekaa mbele ya shehe, kanzu nyeupe pe, utadhani yeye ndiye aliyelea!

"Nimekuoza binti yangu," akamwambia bwana harusi, "Habibah..."

Habibah ni bintiye wa Wanyange, wa yule mke wa pili. Huyu wetu alimwita lini hata akumbuke jina? Shehe akakohoa. Wanaume wakatazama mkeka.

"Shifa," Zaituni akasema nyuma ya pazia, kwa sauti ileile ya kuulizia bei ya mchele. "Mtoto anaitwa Shifa."

Mwanamke kudakia kwenye nikaha, loo! Lakini Sebit akarudia, ndoa ikapita. Wanaume wakamkumbatia yeye: hongera mzee, umelea.

Ndani wakamgeukia Zaituni. Kigelegele cha kwanza ni cha mama. Asipoanza yeye, haanzi mtu. Akafungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, wapi!

Basi bibi harusi, ambaye siku hiyo hata macho hatakiwi kuinua, akainua kichwa akakipiga yeye, kirefu, mpaka uani wakanyamaza. "Hicho cha mama yangu," akasema, "aliyenilea."

Alikuwa amemshika mamake mkono, amembana kwa nguvu zake zote.

"Uwi," Zaituni akasema, kwa mshangao. "Mwanangu, unaniumiza."

Shifa hakumwachia.