Nilimuahidi dada nitaifuta picha ya mama, sasa haifutiki

Leo ni Jumapili, katikati ya mwezi wa kumi. Huu ni mwaka wa tatu tangu nitoke nyumbani Malinyi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, sijaoa, shule niliishia darasa la saba. Nafanya kibarua cha kupogoa na kufyeka kwenye mashamba ya miti huku Uchindile. Naomba jina langu lisionekane, maana nitakayoyasema yanamgusa dada yangu kuliko mimi.

Mama alifariki wakati wa masika. Niliposikia nilipanda treni siku hiyohiyo, nikashuka Ifakara, nikakuta barabara ya Malinyi imekatika. Maji yalikuwa yamejaa mbele ya Lupiro, magari yamegeuza. Nilikaa Ifakara kwenye chumba cha kupanga huku nyumbani wakimzika. Nilikuwa karibu kabisa na bado sikufika.

Mama alipokuwa anaumwa alikataza picha. Alikuwa amekonda sana, akawaambia watoto wake wote, "Mtu asinipige picha nikiwa hivi, hata nikishakufa." Lakini dada yangu mkubwa alinionea huruma. Watu walipokuwa wanapita kuaga, alificha simu ndani ya khanga akampiga mama picha akiwa kwenye jeneza. Akanitumia picha hiyo, kisha akanipigia. "Mdogo wangu, nimevunja neno la mama kwa ajili yako. Muage, halafu futa. Asiione mtu mwingine. Niahidi." Nikamwambia, "Nakuahidi, dada."

Nilimuaga mama kwa kulia peke yangu. Kitambaa cheupe kichwani, pamba puani, lakini ni yeye. Kufuta nikashindwa. Picha zake nyingine zote zilikuwa kwenye simu yangu ya zamani iliyozama mtoni, kwa hiyo picha hii ndiyo pekee iliyokuwa imebaki.

Kambini tuna mwenzetu anayeendesha msumeno, mtu wa sarafu za mtandaoni. Nilimweleza hofu yangu ya simu kuharibika. Akaniambia sarafu zile zina daftari lao liitwalo blokcheni, kila muamala unaandikwa humo, na nakala zake zinakaa kwenye kompyuta nyingi duniani kote. Ukiingiza picha humo hakuna wa kuitoa.

"Hata serikali?" nikamuuliza.

"Hata serikali. Mwanangu, kaburi la saruji linapasuka. Hii haipasuki."

Sikuuliza zaidi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Alipunguza ukubwa wa picha, nikalipia gharama, akaiingiza. Akanipa anwani ya kuifungulia picha hiyo, mstari mrefu wa herufi na namba. Jina la mama halimo. Nikaifuta kwenye simu, na dada aliponiuliza kama nimefuta, nikamjibu, "Nilifuta." Nilijua kabisa anauliza nini na mimi najibu nini.

Tangu hapo kila Jumapili nilikuwa napanda kilimani panaposhika mtandao, nafungua, namtazama mama, nashuka. Nilijiona mtoto mwema. Wenzangu waliozika walibaki na kaburi, mimi nina uso.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunakula mchana. Yule wa msumeno alikuwa anawashawishi vijana wapya waingie kwenye sarafu. Wakamwambia anawadanganya. Akatoa simu, "Basi njooni muone mama asiyefutika." Nilinyanyuka, nikawa nimechelewa. Simu ilikuwa inazunguka mkono kwa mkono. Mmoja alikuwa na tonge shavuni akauliza, "Huyu ndiyo amelala au?" Mwingine akacheka, "Amelala moja kwa moja huyo."

Kisha kijana mmoja mgeni akaacha kutafuna. Ni wa Malinyi, mtaa wa jirani. "Huyu mama namfahamu," alisema. "Alikuwa anatuuzia samaki. Nani kampiga picha hivi?" Akanitazama, akaelewa. Akanivuta pembeni. "Kaka, pole. Lakini nyumbani wanajua hili?"

Nilimfuata yule wa msumeno nikamwambia aitoe. Alinishangaa. "Nitaitoaje? Nilikwambia haitoki ukafurahi."

"Iandikie basi kwamba imefutwa."

"Naweza kuongeza maneno. Picha itabaki palepale."

Ndugu zangu, tangu siku hiyo sijapanda kilimani. Najisikia kama nimemvua mama nguo njiani na siwezi kumrudishia. Ninyi mnaojua mitandao, kama kuna njia ya kuitoa mniambie, ingawa naona jibu nimeshapewa.

Kinachonimaliza zaidi ni hiki. Mwezi ujao tunajengea kaburi na kuweka msalaba. Dada amenipigia juzi kwa furaha. "Wewe ndiye mwanaume pekee kwetu, utasimama kwa niaba yetu useme tumetimiza yote aliyotuagiza." Yule kijana wa Malinyi naye atakuwepo siku hiyo. Ameapa hatasema, ila ni mtu wa kunywa.

Nikinyamaza nikasimama mbele ya watu, nasema uongo juu ya kaburi la mama. Nikisema ukweli hadharani, wajomba watauliza nani alipiga picha, na dada atabeba aibu kwa sababu alinipenda. Nikimwambia yeye peke yake kabla, namkabidhi mzigo ambao hawezi kuutua, na sijui kama ataniita tena mdogo wake. Nimeshaanza kumpigia mara kadhaa, akipokea namwamkia shikamoo, namuuliza habari za mpunga.

Naombeni ushauri wenu, msinihurumie. Nimwambie dada kabla ya siku ile au nisimwambie, na kama ni kumwambia, nianze na neno gani? Ruhusa ya kazini nimepewa. Nitapanda treni Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, barabara sasa ni kavu, Ijumaa jioni natarajia kuwa nyumbani.