Picha za Olaya na Mkono wa Wakesho

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka uso hunishuka. Ilikuwa Ijumaa alasiri mjini Riyadh, jua kali, nami nimesimama mlangoni mwa stoo ya viwanja vya michezo nikitazama picha yangu kwenye simu na kujipenda. Usinicheke. Sijafika umri wa kutembelea mkongojo, lakini mvi hizi zimenipa haki ya kukuita mwanangu, basi kaa unisikilize.

Miaka ile kila nyumba kwetu Voi ilikuwa na mtu Saudia, au mtu anayetafuta pasipoti aende Saudia. Mawakala walikuwa wakizunguka hadi sokoni wakiandika majina ya wasichana. Mimi nilikuwa nimetangulia. Nilipata kazi kwenye makazi ya wageni yaliyozungushiwa ukuta, wengi wao Wamarekani, na kazi yangu ilikuwa viwanja vyao vya michezo: kufagia, kubeba maji, kuchora mistari ya chokaa. Malazi yangu yalikuwa mtaa wa Shumaisi, chumba kimoja watu wanane, na zamu ya kupika imebandikwa ukutani. Hayo sikumwambia mtu nyumbani.

Nilichowaonyesha kilikuwa kingine. Kulikuwa na koti la suti ambalo mgeni mmoja alilisahau chumba cha kubadilishia nguo, na hakurudi kulidai. Siku zangu za mapumziko nililivaa nikaenda Olaya, mtaa wa matajiri, nikasimama mbele ya zile hoteli za vioo, mwenzangu Mfilipino akanipiga picha. Mama alikuwa akizipeleka kanisani kuwaonyesha wenzake. Mdogo wangu Wakesho naye alizitazama akiwa kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi yule, mwanangu! Alishona sare za shule nzima, na maharusi walimjia kutoka Taveta. Akanipigia simu kuniuliza, "Kaka, huko ni kuzuri hivyo kweli?"

Nikamjibu, "Njoo ujionee."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi niliyekuwa nikikilalia nilimfunika kunguni shuka nyeupe. Wakesho aliuza cherehani akaja Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Kila nilipompigia alisema yuko sawa, nami nikaridhika, maana ndilo jibu nililotaka kusikia.

Turudi kwenye ile Ijumaa. Nikiwa nimeinamia simu, nyuma yangu akaja Kochi. Jina lake lilikuwa Oreste, ila sote tulimwita Kochi. Alizaliwa Haiti, akapelekwa Marekani na shangazi yake akiwa mtoto mdogo, akakua akawa mchezaji wa kulipwa wa ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kugongana. Yeye alikuwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kumsoma anayekuja na mpira, kumkimbilia na kumwangusha chini, na aliifanya kwa misimu tisa. Alipostaafu alikuja Riyadh kufundisha michezo katika shule moja ya wageni, na kila Ijumaa aliwafunza vijana wa makazi yetu. Mtu mkubwa kama kabati, lakini ngazi mbili tu za stoo alizipanda kwa kushika ukuta.

Tulizungumza Kiingereza, chake kina Kifaransa ndani, changu kina Kitaita.

"Umependeza," akasema. "Koti ni la nani?"

Nikacheka. "Lina mwenyewe."

"Na picha ni ya kumtumia nani?"

"Watu wa nyumbani. Na dadangu, yuko Jeddah."

"Anaendeleaje?"

"Anasema yuko sawa."

"Na wewe unamwambia uko vipi?"

"Niko sawa."

Hakucheka. Alikaa juu ya gunia la mipira, magoti yakalia. Kisha akaniambia habari ambazo sidhani aliwahi kumweleza mtu mwingine pale.

Alisema katika mchezo wao, mtu akitolewa uwanjani mwingine huingia, na anayeingia akicheza vizuri, aliyetoka harudi. Basi walijifunza kuficha. Kifundo cha mguu kikivimba, alikifunga plasta ngumu ndani ya kiatu kabla daktari wa timu hajapita. Akigongwa kichwa hadi taa za uwanja zikawa mbilimbili, daktari alimuuliza, naye akajibu yuko sawa. Mama yake alikuwa amebaki Haiti na alimwona kwenye picha tu, amevaa kofia yake inayong'aa.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Alinifuata Marekani, akacheza nafasi yangu ileile. Siku moja akaja kuniuliza, 'Kaka, wewe kichwa hukuuma baada ya mechi?' Nikamwambia hakijawahi kuniuma. Alidhani basi kosa ni lake, kwamba yeye ni mnyonge. Akaendelea kucheza miaka minne."

Nikamuuliza mdogo wake yuko wapi sasa.

"Amerudi kwa mama. Kufunga kamba za viatu anaonyeshwa kila asubuhi, kama mtoto." Akanitazama. "Kama ningemjibu ukweli siku ile, Mwakio! Sentensi moja tu."

Ningependa kukuambia kwamba nilishukuru. Sikushukuru, nilikasirika. Nikamwambia yeye alikuwa nyota na mimi ni mtu wa chokaa, asinifananishe naye, na wala hajui aibu ya mwanamume aliyeaga kijiji kizima kwa sherehe kisha akaja kusukuma fagio. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Halafu akasema, "Mpigie dada yako. Usimuulize yuko vipi. Mwambie wewe uko vipi."

Akaondoka na gunia lake la mipira.

Nilikaa pale stoo nikimlaani, na moyoni najua amesema kweli. Ilikuwa saa ambayo madam wa Wakesho hulala baada ya chakula cha mchana, saa pekee aliyoweza kushika simu. Nikapiga. Nikamwambia habari ya Shumaisi, watu wanane, fagio, ndoo ya chokaa. Nikamwambia koti si langu. Safari hii sikuona haya.

Wakesho akasema polepole, "Kaka, mkono wangu."

Alikuwa ameanguka kwenye ngazi akipangusa madirisha, wiki tatu nzima zimepita. Mkono wa kulia, hapa kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa ameufunga leso kwa nguvu, akashusha mikono mirefu ya gauni juu yake, akaendelea kudeki na kupiga pasi kwa kushoto.

"Madam hajui?"

"Nikisema watanirudisha ofisini kwa wakala, halas, safari imeisha. Nirudi Voi na nini? Nilidhani wewe uko hoteli kubwa, mimi nirudi na mkono uliovunjika?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na mimi nikaona tumekaribia hapo. Nilimwomba namba ya mwenye nyumba, mume wa madam. Alikataa, akalia, mwishowe akanipa. Nikampigia yule baba kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, nikitarajia matusi. Akauliza neno moja, mara mbili: mbona hakusema? Alimpeleka hospitali alasiri ileile. Sisemi kila mwajiri yuko hivyo, mwanangu, nimewajua wa namna nyingine. Lakini huyo alikuwa hivyo, na dadangu aliteseka wiki tatu mlango wa pili kutoka kwa mtu ambaye angemsaidia.

Mfupa ulikuwa umeanza kuunga vibaya. Daktari aliuvunja upya akauunga tena. Vidole viwili havikurudi kufanya kazi.

Walimkatia tiketi ya kurudi nyumbani, nami nikapata ruhusa ya kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, nikaenda Jeddah kumuaga. Tulipita Balad, mji wa kale, kwenye yale maduka ya chini ya nyumba za mawe, kutafuta sanduku la safari. Penye duka la vitambaa alisimama. Alikishika kitambaa cha hariri kwa mkono wa kushoto, akakipima kwa vidole kama afanyavyo fundi, akakirudisha. Nikaanza kusema samahani, maneno mengi tu. Alinikatiza.

"Kaka, nilipoanguka, mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Nikachukua simu. Nikaona ile picha yako ya koti, nikaona haya."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Niliporudi Riyadh nililirudisha koti palepale lilipotundikwa. Nikapiga picha nikiwa na ndoo yangu, chokaa hadi kwenye nyusi, nikaituma kwa mama. Alijibu neno moja, pole, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nililia hadi nikalala. Kochi nilimwambia yote. Alinishika bega tu akaenda kupanga mipira.

Wakesho leo anafundisha wasichana kushona. Anawaelekeza kwa mdomo na kwa mkono wa kushoto. Sindano wanamtungia wao.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukienda mbali, usiwatumie wa nyumbani sura usiyokuwa nayo, hasa wadogo zako, maana wao huifuata. Panapouma sema panauma, na useme mapema. Na anayekufuata akikuuliza kama njia ina miiba, mwonyeshe nyayo zako. Heshima utakayoipoteza itarudi; mimi yangu ilirudi. Vidole vya dadangu havijarudi.

Mungu akutangulie uendako, akupe ulimi usioona haya mbele ya wakupendao, na mikono unayoondoka nayo leo urudi nayo yote miwili ikiwa mizima.