Darubini ya Baba Mdogo na Chui wa Ngenge

Mpaka leo nikinusa ngozi iliyolowa mvua moyo unaniruka. Wenzangu wakinusa ngozi hukumbuka viatu vya sikukuu au mkoba wa mwalimu. Mimi nakumbuka koba jeusi lililofika kwetu Ngenge likining'inia shingoni mwa baba mdogo Rweyemamu, limelowa mpaka linanuka kama beberu. Mwingereza alikuwa bado anaitawala Tanganyika, vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na baba mdogo alikuwa amerudi kutoka Burma na koti la kijeshi, kikohozi kisichopona, na kile kilichokuwa ndani ya koba. Mimi nilikuwa mtoto wa kike aliyeng'oka meno ya mbele, mwoga wa kila kitu, na nasema bila haya kwamba niliogopa lile koba kabla halijafunguliwa. Baba yangu alikuwa Bukoba mjini akipakia magunia ya kahawa, kwa hiyo nyumbani tulibaki mama, mdogo wangu Kamugisha aliyekuwa bado ananyonya, mimi, na huyo shujaa wetu.

Ndani ya koba mlikuwa na darubini. Ilikuwa na mirija miwili mifupi, minene, na vioo vya mbele vipana kama vikombe vya chai, vyenye rangi ya zambarau ukivigeuza juani. Baba mdogo alisema upana ule ndio siri yake. Jicho la mtu ni tundu dogo, akasema, jioni linaingiza mwanga kidogo tu, lakini vioo vile vinakusanya mwanga wote uliosalia angani na kuumimina machoni mwako. Darubini ya namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia wa zamu ya usiku. Kisha akaongeza habari nyingine, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alisema kwamba vita vilipokuwa vinakwisha, Wazungu walikuwa wamegundua chombo kingine kabisa: taa inayomulika mwanga usioonekana kwa macho ya mtu, na kioo juu ya bunduki kinachouona mwanga huo, askari akakuona katika giza totoro wakati wewe hujioni hata kidole. Yeye hakuwahi kukigusa. Alisimuliwa tu. Lakini nani alisikiliza hiyo sehemu ya mwisho? Kufikia Jumapili, watu waliotoka misani walikuwa wanaambiana kwamba Rweyemamu ana kioo kinachoona gizani, kinapenya migomba na kuta za msonge, na wanawake wengine wakawa wakipita mbele yetu wanajifunika kanga mara mbili. Macho hayana pazia, walisema, seuze macho ya namna hiyo! Naye baba mdogo, Mungu amrehemu, alipenda sifa. Hakukanusha.

Msimu ule kulikuwa na chui. Jina lake hatukulitaja jua likishazama. Tulisema "yule wa madoa". Alianza na mbwa, akaenda kwenye mbuzi, halafu kijiji cha ng'ambo akamchukua mtoto aliyekuwa ameketi mlangoni anamenya ndizi. Baada ya habari ile nilikuwa silali. Nilikuwa najibana katikati ya mama na Kamugisha juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, nasikia kila jani la mgomba linavyosugua paa, nasema moyoni huyo, huyo amefika. Wanawake waliweka utaratibu wao wa kwenda chemchemi jioni: wanakwenda kwa kundi, mmoja ameshika mwenge wa matete makavu, mwingine anagonga debe, na kila nyumba wanayoipita inaitikia kwa sauti ili ijulikane wamefika wapi. Ilikuwa kelele tupu, lakini kelele ile ilikuwa raha yangu ya pekee kwa siku nzima.

Basi, darubini ilipokuja, kelele ikafa. Baba mdogo alichagua kichuguu kirefu mwisho wa kibanja chetu cha migomba, mahali unapoliona bonde lote mpaka chemchemi, akawa anapanda kila jioni na darubini yake. "Nendeni tu," akawaambia akina mama, "mimi nawaona." Nao wakaenda tu. Nani angehangaika na mwenge unaomwaga cheche kichwani wakati askari wa Burma anaangalia? Mara ya kwanza walikwenda bila debe. Baadaye wakaacha mwenge. Mwishowe kila mmoja akawa anakwenda kwa saa yake, kama siku za amani.

Jioni yenyewe mama alikuwa amechelewa shamba. Akambeba Kamugisha mgongoni, akatwaa mtungi, akashuka bondeni peke yake. Mimi nilimfuata baba mdogo kichuguuni kwa sababu niliogopa kubaki ndani. Alikuwa katika hali nzuri, akanivika mkanda wa darubini shingoni na kuniambia nimtafute mama. Nilitafuta, nikaona nyasi, nikaona ukungu, na ghafla nikamwona. Yesu na Maria! Alikuwa hapa, mbele ya pua yangu, ameinama kwenye maji, naona fundo la kanga kifuani na mguu wa Kamugisha unaning'inia kiunoni kwake. Na mwanga ulikuwa mwingi humo ndani kuliko nje. Baba mdogo hakuwa amesema uongo. Nikacheka. Kisha kitu nyuma ya mama, kwenye matete, kikajongea.

Nitasema nilichofanya, hata kama wajukuu wangu hunicheka. Nilinong'ona. "Mama," nikasema taratibu, "geuka." Alikuwa karibu mno, ningepigaje kelele? Nikanyoosha na mkono nimvute. Mkono wangu ukashika hewa, na yule wa madoa akatoa kichwa nje ya matete, ametulia, anamtazama Kamugisha mgongoni.

Baba mdogo aliona mkono wangu. Aliinama akachungulia kwenye darubini bila kuivua shingoni mwangu, shavu lake kwenye shavu langu, nikamsikia anavuta pumzi na kuikata. Alinyoosha mkono vilevile kama mimi. Mtu mzima, askari! Halafu akaruka chini, akakimbia na panga, akaniacha juu. Bonde zima lilikuwa kati yake na mama, na hata mimi mtoto nilijua hafiki. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Picha ikawa inarukaruka, mara mama, mara majani, mara lile koo jeupe la chui, na sikuweza kuitoa machoni wala kuivumilia.

Ndipo nikapiga enduru. Kwa Wahaya enduru ni yowe la hatari, na ukilisikia huulizi limetoka kwa nani. Unalipokea, unalipaza, na unatoka na ulichoshika mkononi, hata aliyelia awe adui yako. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nyumba ya chini yetu iliipokea, ya pili ikaipokea, ikashuka bondeni ikimpita baba mdogo njiani. Nyumba ya mwisho karibu na chemchemi ilikuwa ya Mzee Laurenti, aliyekuwa hasemi na baba yangu kwa ajili ya mpaka wa migomba. Nilipoirudisha darubini machoni, nilimwona mama amekaa chini, mgongo ameubana kwenye ukingo wa udongo, Kamugisha amemhamishia kifuani. Chui alikuwa ametoka nje mzima. Halafu mwanga ukaisha hata ndani ya vioo vile, nikabaki natazama weusi.

Hofu niliyoijua kabla ya hapo ilikuwa ya kitoto. Niliketi kichuguuni nimekumbatia koba, nasikia mbwa wanabweka, wanaume wanapaza sauti, kisha kimya, nikaanza Salamu Maria na kuisahau katikati. Mama yangu amekufa, nilijua hivyo, na mdogo wangu amekufa. Mpaka nikamsikia mtu anagomba kule chini, anagomba kwa hasira kwamba mtungi wake umevunjika na hakuna aliyeuangalia. Nililia kwa furaha mpaka nikatapika.

Mzee Laurenti alikuwa ametoka na mkuki na mbwa wake, chui akarudi kwenye matete. Alimsindikiza mama mpaka mlangoni kwetu, akakataa kuingia, akaondoka bila kuaga. Baba mdogo alikuwa amekaa kizingitini anakohoa. Mama alisimama mbele yake na mtoto kifuani.

"Shemeji, uliniona?"

"Nilikuona, shemeji. Nilikuona vizuri kabisa."

"Ungekuwa huoni," mama akasema, "ungekuja nami."

Hakurudia maneno hayo, wala baba mdogo hakupanda kichuguu tena. Kesho yake debe liligongwa, na aliyeshika mwenge mbele alikuwa baba mdogo mwenyewe.

Sasa nimezeeka, ninaishi Ijuganyondo kwenye nyumba aliyonijengea mwana wa Kamugisha, ambaye kwetu ni mwanangu. Yeye yuko Dar es Salaam. Amenifungia kamera juu ya mlango, haihitaji taa, inaona gizani kama mchana, naye anaitazama kwenye simu yake huko huko aliko. Ni chombo kile kile walichomsimulia baba mdogo, nadhani, kimepungua mpaka kimekuwa kama kikombe cha kahawa. "Mama, usiwe na hofu," huniambia, "nakuona saa zote." Ni mtoto mwema, sina la kumlaumu. Mwezi uliopita nilitoka alfajiri kwenda misa, nikateleza kwenye ngazi, nyonga ikakataa. Nililala pale kwenye baridi, sauti imenikauka, natazama juu, na kile kitaa chekundu kidogo cha kamera kinanitazama. Nilijua ananiona, kwa sababu ndani, mezani, simu yangu ilianza kulia. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.