Fomu ya Mama Vidonda

Kwa miaka ishirini na mbili pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Vidonda, basi. Chumba chake cha kusafishia vidonda kilikuwa mwisho wa korido: vitanda viwili, beseni, na dirisha lisilofunga vizuri. Mikono yake ilikuwa myepesi, ila ulimi wake ulikuwa mzito kusema asichokiona.

Watafiti walipoleta bandeji yao mpya, aliipokea kwa moyo mweupe. Ilikuwa ya nyuzi za mgomba zilizopakwa ute wa maganda ya kaa. Iliua vijidudu, na ukiifukia ardhini iliozea hukohuko. Kamati ya hospitali ilikwisha kuruhusu ijaribiwe kwa wagonjwa waliokubali. Wa kwanza alikuwa seremala mmoja, mguu wake una kidonda kilichogoma kupona mwaka mzima.

Siku ya tatu Mama Vidonda akaifungua. Harufu imekwisha, usaha umekauka. Akatabasamu. Alipoivuta, ikaja na nyama changa, damu ikachuruzika.

"Vuta tu, dada, mimi mwanamume," seremala akasema, meno yameuma mkono wa shati, machozi yanamtoka.

Ikawa vivyo hivyo kwa wagonjwa sita. Kisha mtafiti mkuu akamletea fomu iliyokwisha kujazwa. Penye maumivu wakati wa kubadilisha bandeji paliandikwa: Hakuna.

"Nani kasema hakuna?"

"Mama, vijidudu vimekufa. Hayo mengine madogo."

"Madogo kwako, mwenye ngozi nzima! Chubuka goti, nikubandike, halafu nivute. Tuone."

Muuguzi mkuu, ambaye ni dada wa mumewe, akamvuta pembeni. "Wifi, usituharibie. Tia saini yaishe."

"Hayaishi. Kesho atabandikwa mtoto aliyeungua."

Hakutia. Jumatatu akahamishiwa stoo ya mashuka. Alikwenda kichwa juu, lakini alipobaki peke yake akalia, akajifuta kwa foronya, akaendelea kukunja.

Wiki ya pili akabisha hodi binti wa maabara, kabeba bakuli. "Mama, ute ule naupika mimi. Niambie, bandeji inang'ang'ania wapi?"

"Katikati. Ute wako mwembamba kama maji ya kuoshea vyombo. Ukikauka, nyuzi zinabaki wazi, nyama inaota ndani yake."

Miezi minne binti alipika, akaunguza, akapika tena. Mwisho akazificha nyuzi katikati ya matabaka mawili mazito ya ute. Kamati ikaruhusu tena. Seremala akakubali kwa sharti moja: habandikwi wala hafunguliwi na mwingine. Ikabidi Mama Vidonda aitwe kutoka stoo, akambandika.

Siku ya kuifungua ilipofika, akaimwagia bandeji maji ya chumvi, ikateleza.

"Bado hujaanza tu?" seremala akauliza, macho kayafumba.

"Nimeshamaliza, mwanamume."

Safari hii mtafiti mkuu alileta fomu tupu. Mama Vidonda akaandika: Maumivu kidogo, siku ya kubandikwa.

Wifi yake akaguna. "Sasa si ungeandika hakuna?"

"Alikunja uso. Nilimwona." Akatia saini. "Na ufunguo wa chumba changu?"

"Hilo litajadiliwa kwenye kikao."

"Jadilini." Akavaa glavu mpya, akachungulia koridoni. "Anayefuata aingie!"